Koti Kwenye Msumari wa Marehemu

Harufu ndiyo iliyomfikia Mellen kwanza: jasho la zamani, sigara na dagaa wa omena. Akafumbua macho kitandani, kwenye wodi ya Homa Bay, akamwona shemeji yake Bonface akilitoa lile koti kwenye mfuko wa plastiki.

"Hata huku?" Mellen akaziba pua.

"Nyar Lambwe, binti wa Lambwe, acha ugumu." Bonface alilitandaza koti juu ya blanketi kama muuza mitumba. "Hii ni chira, laana ya kuvunja mila. Ndugu yangu yuko kaburini mwaka mzima na wewe umekataa kurithiwa. Ona sasa, mwiko umekushika moyo. Mwenye koti yuko hapo nje anakunywa soda. Likubali tu, turudi nyumbani Sori yaishe."

Jana, akitoka kanisani, Mellen alilikuta likining'inia chumbani mwake, kwenye msumari wa koti la mumewe. Koti la mlevi anayekodiwa kurithi wajane, kola nyeusi kwa uchafu; mjane akilikubali chumbani mwake, huhesabiwa amerithiwa. La marehemu lilikuwa sakafuni, kuku amelilalia. Kifua kikambana kama kilichofungwa kamba, akaanguka papo hapo. Na kilichomkera zaidi ni kwamba humu kitandani alikuwa ameanza kujiuliza: je, kama kweli ni chira? Si afadhali akubali, apone?

Daktari Sumeya akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nilidhani ni shambulio la moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kilisema hivyo, damu nayo hivyo hivyo. Lakini tumepitisha dawa ya rangi kwenye mishipa yako, na hakuna uliozibwa. Ila msuli wa moyo, huku chini, umetuna kama puto na hausukumi damu vizuri. Mtu hupata hivi akishtuka sana, kwa msiba, hofu, au hasira. Ni nini kilitokea kabla ya maumivu?"

"Hakuna kitu," Bonface akadakia. "Alikuwa anaanika omena."

"Baba, sijakuuliza wewe."

Mellen alimtazama daktari. Mambo ya chumba cha mjane hayasemwi kwa mgeni, tena msichana wa umri wa bintiye. Lakini mkono wa lile koti ulikuwa umemgusa kiganja, una unyevu wa kunata.

"Ni hili," akasema. "Walinitundikia mwanamume chumbani." Akaeleza yote, Bonface akikohoakohoa.

Daktari alikunja pua. "Basi si chira, mama. Ni moyo uliopigwa na mshtuko. Ukipata dawa na utulivu, wengi hupona kwa wiki chache. Tutaupima tena. Lakini usirudi kwa kilichokuangusha."

Wiki chache! Mellen alilinyanyua koti kwa vidole viwili, kama anayetoa panya mfu kwenye unga.

"Shemeji, livae."

"Ati nini?"

"Umelibeba kutoka Sori, si limekuzoea? Livae umrudishie mwenyewe. Na la kaka yako ulifue, ulirudishe kwenye msumari wake. Nikija nilikute."

"Vaa tukuone, baba!" mgonjwa wa kitanda cha pili akapaza sauti. Wodi ikacheka.

Bonface alilikunjakunja koti kwapani, akatoka bila kuaga.

Mellen akamgeukia nesi aliyekuwa akipita. "Mwanangu, nibadilishie hili blanketi," akasema. "Linanuka."