Shikamoo Katikati ya Mbio

Siwema binti Mwinshehe alikuwa na steshenari karibu na stendi ya Kilosa, na ndani yake laptopu kuukuu. Laptopu hiyo iliweza kuchapa barua za kuomba kazi na mitihani ya shule, basi. Ukiifungulia mchezo wa mbio za magari, inaunguruma kidogo kisha inazima. Lakini Jumamosi ile, saa nane mchana, laptopu hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kumpeleka Dar es Salaam.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ya mkoa ya michezo ya kompyuta ilibakiza nafasi moja tu ya kwenda kwenye mashindano ya taifa huko Dar es Salaam, na nafasi hiyo angeipata mshindi wa mbio za siku ile. Siwema hakuwa na kompyuta ya kazi hiyo, ila binamu yake Yassin alikuwa nayo kule Mikumi, mashine kubwa ya kuhariria video za watalii. Mchana Yassin akiwa mbugani, mashine hukaa bure. Basi wakaiwekea programu ya kuiendesha kwa mbali. Siwema anabonyeza Kilosa, gari linakimbia ndani ya kompyuta ya Mikumi, na picha inamrudia kwa intaneti. Sheria za mashindano hazikukataza.

Tatizo ni kwamba picha ilichelewa. Ukibonyeza breki, unaona matokeo baada ya nusu sekunde, na kwenye mbio nusu sekunde inatosha kukupeleka ukutani. Mwezi wa kwanza Siwema alibamiza kuta zote alizoziona na nyingine ambazo hakuziona.

Aliyemwokoa ni baba yake. Mzee Mwinshehe aliendesha malori ya miwa kule Kidodi kwa miaka ishirini na sita, mpaka nyonga ikamgomea. Sasa hushinda dukani kwa bintiye akisoma gazeti la jana. Siku moja alimtazama anavyobamiza, akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

"Mwanangu, unasubiri uione kona ndipo ukanyage breki? Lori lenye miwa halisimami unapolikanyaga. Linasimama likishakubali. Kanyaga mapema, halafu vumilia."

Siwema alijaribu. Akabonyeza kabla ya kona, akavumilia, gari likakata kona kama limeshikwa mkono. Tangu siku hiyo hakuendesha kwa macho tena. Aliendesha kwa kuhesabu.

Huko Morogoro mjini kulikuwa na Bryson, kijana mwenye mashine yake mwenyewe na mdomo mkubwa kuliko mashine. Aliposikia Siwema anatumia mashine ya binamu, aliandika kwenye kundi la wachezaji: "Dada wa Kilosa, nguo ya kuazima haisitiri matako." Watu wakacheka weee. Ilimuuma Siwema, na aliitaka ile nafasi kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Mbio zikaanza. Magari kumi na mawili, mizunguko ishirini. Mpaka mzunguko wa nane gari jekundu la Siwema lilikuwa la tatu, na Bryson, kwenye gari lake la bluu, alikuwa wa kwanza. Ghafla jekundu likaanza kwikwi. Linakwenda, linasita, linakwenda, linasita.

"Intaneti hiyo," akasema Mzee Mwinshehe.

"Siyo intaneti, baba. Angalia hiyo namba pembeni. Kompyuta inachemka."

Hapo akakumbuka kitambaa. Shangazi Shamimu, mama yake Yassin, hakuacha kitu cha thamani kikae uchi ndani ya nyumba yake. Redio ilivaa kitambaa cha kufuma, televisheni ilivaa, hata jagi la maji lilivaa. Kila asubuhi Yassin huvua kitambaa cha kompyuta kabla ya kutoka. Leo aliwahi watalii, na huko mbugani simu yake haikupatikana.

"Baba, mpigie shangazi! Weka sauti kubwa!" Mikono yake haikuweza kutoka kwenye vitufe.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shangazi, naomba..."

"Na baba yako, nyonga inaendeleaje?"

"Haijambo, Shangazi. Hapo kwenye kompyuta..."

"Na mvua huko mmepata? Maana huku mahindi yanatusikitisha."

Siwema akawa wa nne. Alipojibu habari za mvua akawa wa tano, na habari za majirani zikamfikisha wa sita. Jasho lilimtoka. Lakini mtoto aliyelelewa hamkatizi shangazi yake salamu, na Siwema alilelewa, masikini.

Mzee Mwinshehe yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwao. Akaisogeza simu mdomoni.

"Shamimu!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nenda kwenye kompyuta ya Yassin, uvue hicho kitambaa."

"Hiki kipya? Kaka, nimekifuma wiki tatu, na leo nina wageni..."

"Shamimu."

"Navua, kaka."

"Na uipepee."

Akaipepea kwa mfuniko wa ndoo, wanausikia kwenye simu. Namba ya joto ikaanza kushuka. Kwikwi ikakoma.

"Jamani, humu ndani kuna magari!" Shangazi akashangaa. "Hili jekundu la nani?"

"Langu, Shangazi."

"Mbona liko nyuma?"

"Linakuja."

Na kweli lilikuja. Wa tano, wa nne, wa tatu. Wenzake walifunga breki walipoziona kona. Siwema alikuwa ameshafunga, ameshaachia, anatoka. Mzunguko wa kumi na tisa alikuwa nyuma ya bluu. Wa ishirini, kona ya mwisho, ile kali. "Sasa," akanong'ona baba yake, na kidole cha Siwema kilikuwa kimeshabonyeza. Bryson alichelewa kufunga, gari lake likasukumwa upande wa nje. Jekundu likaingia ndani, wakatoka ubavu kwa ubavu, mstari wa mwisho mbele yao.

Picha ikaganda.

Magari mawili yamesimama kwenye kioo, bluu na jekundu, hakuna la mbele wala la nyuma. Siwema hakuinua kidole kwenye mafuta. Barabara ilikuwa imenyooka, hakuna la kufanya zaidi ya kukandamiza. Alifumba macho.

Kwenye simu vikalipuka vigelegele.

"Jekundu! Kaka, jekundu limepita! Limemwacha yule wa bluu! Alililiii!"

Mikumi walishaona. Siwema akafumbua macho, picha nayo ikazinduka, na jina lake lilikuwa juu kabisa, la Bryson chini yake. Akalia waziwazi mbele ya mteja aliyesubiri kutolewa kopi ya kitambulisho. Mzee Mwinshehe alisimama bila fimbo, akakaa, akasimama tena.

Kundi la wachezaji likaanza kuita. Bryson alikuwa ameandika neno moja: "Hongera." Siwema aliliona, akaliacha lisubiri. Alifuta machozi, akaipokea simu kwa baba yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bingwa wangu! Haya, mvua mmepata?"

Siwema akavuta kiti, akaanza na mvua.