Mrehani Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi alikuwa amestaafu miezi minne, ila vidole vyake havikupewa taarifa. Magoti ndiyo yaliyogoma. Duka akamwachia mpwa wake, akarudi nyumbani na mkasi wake na kile kiti cha chuma cha kuzunguka, akakiweka uani. Hapo ndipo aliposhinda siku nzima, akihukumu vichwa vya wapita njia.

"Lo! Kisogo gani kile? Huyo kanyolewa au kang'atwa?"

Mkewe hakuwa na nafasi ya visogo vya watu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na sasa shughuli yake ilikuwa viungo vya kupikia: mrehani, mnanaa na rozmari, kwenye makopo ya rangi yaliyopangwa mistari uani, kila kopo na namba yake ya chaki. Asubuhi aliyapitia moja moja kama anayeita mahudhurio.

Siku moja, mwanzoni mwa mwezi, akaingia anacheka peke yake. Mpishi wa hoteli ya jirani alikuwa amemwambia amletee mafungu ishirini ya mrehani na mnanaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akiyapenda, basi iwe kila Jumamosi.

"Baba Pacha, unaelewa? Tangu nistaafu hakuna mtu anayeningoja mahali popote. Sasa yupo!"

Kinyozi alimwelewa kuliko alivyotaka kukiri.

Wiki hiyo hiyo mmoja wa mabinti zao pacha akajifungua, na mwalimu akafunga safari ya siku tano kwenda kumwangalia. Mlangoni akageuka.

"Maji asubuhi, maji jioni, basi. Mkasi usiuguse."

"Mkasi wa nini tena, Mwalimu? Mimi si nimestaafu?"

Siku mbili alimwagilia kama mtu mwenye akili zake. Siku ya tatu akaona, kopo namba saba, kishina kimoja cha mrehani kimechomoza juu ya wenzake na kutoa kiua. Jamani, mtu huyu kwa miaka thelathini hakuwahi kumwacha mteja ashuke kitini na unywele umesimama! Akaenda kuchukua mkasi. Akakata kimoja tu. Ikawa upande wa kulia umezidi wa kushoto, akausawazisha. Sasa kopo namba nane likaonekana halijachana. Akasogeza kiti, akajiimbia, akasahau magoti. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa utosini na mrehani na mnanaa yote imebaki vipara vya askari wapya. Rozmari peke yake ndiyo iliyosalimika.

Kufagia alizoea, ila kutupa hakuthubutu. Akachukua mitungi ya vioo aliyokuwa akisimamishia vitana, akaijaza maji, akachomeka vile vikonyo alivyokata, akavificha kwenye dirisha la stoo. Msidhani ni ujuzi, ulikuwa woga mtupu.

Mwalimu aliporudi aliweka mzigo, akaenda moja kwa moja kwenye makopo. Alitazama mstari hadi mstari, kisha akachukua mkasi, akaufungia kabatini mwake.

"Mwalimu," kinyozi akajaribu utani, "si wewe uliyekuwa ukiniletea vichwa vya kunyoa?"

Ni kweli. Zamani, mwanafunzi akija shule na nywele timtim, mwalimu alimtuma dukani na kikaratasi: *Anyolewe, arudi darasani.* Siku moja kinyozi akamrudisha mtoto na jibu nyuma ya karatasi: *Na mwalimu mwenyewe anakunywa chai saa ngapi?* Ndoa yao ilianzia hapo.

Lakini leo mwalimu hakucheka. "Nilikuomba kitu kimoja tu, Baba Pacha. Kimoja."

Wiki nzima aliongea na makopo, na mumewe akapata salamu na sahani. Kinyozi aliona haya hata kukaa kwenye kiti chake. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimngoja mke wake, na yeye alikuwa ameharibu. Akawa anaamka mapema kumwagilia, akiviinamia vile vipara na kuvibembeleza: "Oteni basi, mtanifukuzisha nyumbani."

Asubuhi moja akasikia anaitwa uani, kwa sauti ya darasani kabisa.

"Njoo hapa! Ulipokata, kumeota vingapi?"

Akainama, akajiandaa kwa lawama. "Viwili."

"Na hapa?"

"Viwili. Na pale pia." Akainuka polepole. "Mwalimu, naomba kusema ukweli. Nina wanafunzi watoro nimewaficha stoo."

Kwenye dirisha la stoo mitungi ilikuwa imejaa mizizi myeupe, imejisokota kama nyuzi. Mwalimu akainua mtungi mmoja, akautazama, akamtazama mumewe na uso wake wa mtuhumiwa, kisha kicheko kikamponyoka hadi akashika ukuta. Kinyozi akacheka pia, kwanza kwa hofu, halafu kwa moyo wote. Mchana ule walitafuta makopo mengine, wakawapandikiza watoro wote, na chaki ikaishia namba sitini na mbili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mpishi alipokea mafungu ishirini, yamejaa, yananukia hadi barabarani. Akazika pua kwenye fungu la kwanza.

"Mama, mrehani mnene hivi umeufanyaje?"

"Nina mtu wangu," mwalimu akasema.

Kesho yake kinyozi akatoka kwenda uani na kikombe kitupu. Kiti chake kilikuwa na mteja. Kopo la rozmari, kubwa, timtim pande zote, limefungwa shingoni kitambaa cheupe cha kunyolea, kile cha dukani. Kando yake ulilala mkasi, umenolewa. Juu yake kulikuwa na kikaratasi, kwa mwandiko anaoujua vizuri: *Anyolewe, arudi darasani.*

Akakisoma mara mbili, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akakizungusha kiti kuelekea kwenye mwanga.

"Na mwalimu mwenyewe," akaita kuelekea jikoni, "anakunywa chai saa ngapi?"

"Ukimaliza kichwa hicho!" akajibiwa. "Na upunguze pembeni tu!"