Makoti Yametimia

Hoteli ya Ncha ya Dunia ilikuwa na ghorofa mbili na ngazi moja, katikati ya gereji ya malori na duka la kamba za meli. Mwenyewe aliijenga kwa ajili ya mabaharia na madereva, watu wanaoshinda juani, akafikiri watapenda kulala kwenye nchi ya barafu. Basi kuta zikapakwa milima myeupe kwa rangi ya mafuta, pamba ikabandikwa juu ya milango, na nje akasimamishwa pengwini wa saruji ambaye mdomo wake ulivunjwa na lori lililorudi nyuma vibaya. Joto la ndani lilikuwa lile lile la nje.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mama mmoja fundi cherehani alifika hapo na binti yake mdogo, begi moja na furushi moja. Furushi alilibeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Binti yake mkubwa alikuwa mfanyakazi wa ghala la baridi, lile la kuhifadhia samaki pale bandarini, na alipanga chumba hotelini. Wiki iliyotangulia msimamizi wa ghala alipiga simu nyumbani kwao, akasema binti ni hodari mno, na kama ana mdogo wake basi aletwe, aanze Jumamosi.

Dada wa mapokezi alikuwa anamenya karanga juu ya kaunta.

"Karibuni. Nyinyi ndio wageni wa chumba cha juu?"

"Ndio sisi. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo. Mna soksi?"

"Soksi za nini na joto hili?"

"Huko juu kunaanguka theluji," alisema dada wa mapokezi, akapuliza maganda. "Tangu mwezi wa tatu. Kwanza tulidhani ni pamba inabanduka. Mwenye hoteli amefurahi, maana wageni walikuwa wanatugombeza kwamba picha ya kwenye tangazo ni ya uongo."

Aliinama chini ya kaunta akatoa soksi zilizosahauliwa na mabaharia. Hazikufanana, lakini zilikuwa safi.

Chumbani theluji ilikuwa inashuka polepole kutoka kwenye dari, imefika kwenye vifundo vya miguu. Dada mkubwa alikuwa ameketi kitandani anachana nywele, na kila alipopitisha kitana vilidondoka vipande vya barafu kama punje za mchele. Aliinuka akapokea begi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama fundi alimshika mkono, akauachia, akaushika tena. "Umekufa?"

"Ndiyo, mama. Mwezi wa tatu."

"Na hukusema."

"Mambo haya si ya kwenye simu. Nilijua nikipata likizo nitakuja tuzungumze uso kwa uso. Likizo ikawa haitoki."

Mdogo mtu alikuwa ameshavaa soksi, anachora kwenye theluji kwa kidole gumba cha mguu. "Mimi nilidhani dada utanipa mafuta ya kujipaka," alisema, "kumbe wewe mwenyewe umepauka hivyo!"

"Nikijipaka yanaganda, mjinga wewe."

Walicheka. Mama fundi naye alicheka kidogo, kwa sababu tangu wakiwa wadogo wawili hawa hawakuweza kukaa chumba kimoja bila kuchokozana. Kisha dada mkubwa akasema, "Kitendawili!"

"Tega," wakaitikia.

"Nikipata joto nalia, nikipata baridi nanyamaza."

"Barafu," alisema mama fundi.

"Mwaka jana ungepata. Mwaka huu ni mimi."

Mama fundi alikung'uta theluji kwenye mto, akaketi. Alimwambia binti yake warudi wote nyumbani kesho. Dada mkubwa alitikisa kichwa. Ndani ya basi kuna joto, alisema, na njia ni ndefu. "Mtanifikisha ndani ya ndoo, mama."

Hilo nalo mama fundi alilielewa. Akasema basi, kama ni hivyo, angalau mdogo wako atakuwa karibu nawe, na baridi haitampata kama ilivyokupata wewe, maana nimemtengenezea kitu. Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na koti alilolishona kwa mablanketi mawili, la mistari myekundu na ya kijivu, lenye kola ya kufunika masikio. Lilikuwa ndugu wa lile alilomshonea dada mkubwa mwanzoni mwa mwaka.

Dada mkubwa alilitazama bila kuligusa. "Hilo asiingie nalo," alisema.

"Wiki nzima nimekaa kwenye cherehani!"

"Najua, mama. Ni zuri. Lile la kwanza ndilo lililonibakiza ndani."

Ghala lile lilikuwa na utaratibu wake. Wafanyakazi wakishaingia, mlango hufungwa kwa nje ili maboksi ya samaki yasitoroke. Ukutani kwa nje kuna safu ya misumari, na kila msumari una koti la kampuni. Mtu akiingia huchukua koti, akitoka hulirudisha. Zamu ikiisha msimamizi hutazama misumari. Penye msumari mtupu pana mtu bado yuko ndani, basi anangojewa. Misumari ikijaa, anapiga kufuli na kupeleka ufunguo nyumbani kwa bosi. Watu wenyewe hahesabu. Watu, husema, hawatulii.

Makoti ya kampuni yalikuwa mepesi na mabichi kwa jasho la zamu iliyotangulia. Siku koti la mablanketi lilipofika kwa basi, dada mkubwa aliingia nalo, akafurahi. Koti la kampuni lilibaki kwenye msumari wake tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya nusu zamu. Saa sita alikuwa nyuma kabisa ya ghala anapanga maboksi, mashine zinanguruma, kola ya mama yake imefunika masikio yake, hakusikia king'ora. Wenzake walitoka mbio kuliwahi jua. Wakatazama misumari, wakaona imejaa, wakajua wametoka wote, msimamizi akapiga kufuli.

"Jumatatu walipofungua nilikuwa nimeshapoa," alisema dada mkubwa. "Nikainuka, nikaendelea na maboksi. Msimamizi akanisifu kwamba siku hizi nawahi kuliko wote. Tangu hapo sivai koti wala sinywi chai, naye kazi yangu inampendeza."

Mikono ya mama fundi, ambayo hata kwenye mazishi ya mumewe ilipata kazi ya kufanya, ilikaa mapajani imefunguka. Mdogo mtu alimwita mara kadhaa. Theluji ilimjaa mabegani na hakuikung'uta. Baadaye alitoa mkasi kwenye begi, akaanza kulifumua lile koti, mshono kwa mshono, mikono kwanza, kisha kola, mpaka likawa mablanketi mawili tena. Akayakunja.

Asubuhi dada mkubwa alibaki hotelini, kwa kuwa msimamizi alimpa ruhusa ya siku hiyo kwa ajili ya wageni wake. Mama fundi alikwenda ghalani amemshika mdogo mtu kifundo cha mkono kama anamvusha barabara.

Msimamizi alikuwa mtu mchangamfu, mwenye skafu shingoni na buti za mpira. "Karibu, mama! Hongera kwa malezi. Ndiye mdogo mtu huyu?"

"Ndiye. Lakini kwanza nina kitendawili."

"Asubuhi yote hii? Haya, tega."

"Wameingia wengi, makoti yakatimia yote, mtu akabaki."

Msimamizi alijikuna chini ya skafu. Akataja kivuli. Akataja panya. Wanawake waliokuwa wanangoja kuingia walimcheka.

"Basi nipe mji," alisema mama fundi.

"Chukua huu huu, na bandari yake."

"Nimeupokea. Nimekwenda mji huu, nikalala penye theluji, nikamkuta mwanangu ana midomo ya wino. Aliyebaki ni mwanangu, na aliyembakiza ni wewe unayehesabu makoti."

Msimamizi alicheka mpaka skafu ikafunguka. "Kizuri! Nitawategea watoto wangu." Alijifuta macho. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayekumbuka jambo la maana, "Lakini mama, lile koti lako la mablanketi ni zito kweli kweli. Haya yetu yamechakaa. Huwezi kutushonea mengine kama lile?"

Mama fundi alimvuta mdogo mtu nyuma yake. "Huyu haanzi kazi," alisema.

"Hakuna neno. Wapo wengine."

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa msichana mgeni, mwembamba, ndani ya koti kubwa la kiume ambalo mikono yake ilikunjwa mpaka kwenye viwiko. Mama fundi alisimama mbele yake.

"Mwanangu, vua hilo. Vaa la kwenye msumari."

"La kwenye msumari limelowa, shangazi. Tena linanuka! Hili la baba yangu."

"Nakuomba. Umenisikia nilivyosema?"

"Nimekusikia, shikamoo," alisema msichana, akampita kwa adabu, akaingia.

Mama fundi aliling'oa koti la kampuni la msichana yule kwenye msumari wake, akalibana kwapani, ili msumari ubaki mtupu na wamngoje. Msimamizi alimfuata, akamfungua mkono taratibu, akalichukua, akalikung'uta vumbi, akalitundika. "La kampuni hilo, mama," alisema. Akafunga mlango.

Walisubiri getini. Saa sita king'ora kililia, wanawake wakatoka wakipuliza viganja vyao, wakasimama juani macho wamefumba. Mama fundi alitazama kila mmoja. Koti la kiume halikuwamo. Msimamizi alipita mbele ya misumari akinyoosha kidole, akapiga kufuli.

"Yumo mmoja," alisema mama fundi.

"Makoti yametimia, mama."

"Yumo yule mwembamba!"

"Tazama mwenyewe," alisema msimamizi, akamwonyesha misumari, nayo kweli ilikuwa imejaa. Kisha akapanda pikipiki na ufunguo.

Mama fundi alivua kiatu akaanza kupiga mlango. Wanawake walimsaidia mpaka basi lao lilipofika. Kwa ndani palijibiwa, kofi kwa kofi, kama mtu anayeitikia hodi. Mdogo mtu alikimbilia kituo cha polisi, akarudi na askari wawili. Walisikiliza mlango, wakakubali kwamba panagongwa, wakahesabu makoti, wakakuta yametimia, wakaondoka. Alikimbilia nyumbani kwa bosi; aliambiwa amelala. Alileta nondo kutoka gereji, wakaizungusha kwenye kufuli wote wawili mpaka nondo ikapinda. Mlinzi wa geti aliwahurumia sana. Alimletea mama fundi kiti ili asipige akiwa amesimama.

Jumapili mchana kwa ndani hapakujibiwa tena. Mama fundi aliendelea kupiga.

Jumatatu msimamizi alikuja, akamsalimu, akamwomba asogeze kiti. Alipofungua, moshi wa baridi ulitambaa miguuni mwao, na msichana akatoka anapangusa barafu kwenye kope. Aliuliza kama zamu imeanza. Msimamizi alimtazama vidole, akamtazama midomo, akaridhika. Alimwambia lile koti la baba yake sasa anaweza kulivua, na kama hana pa kulala, ipo hoteli nzuri, wenzake wanaisifu.

Jioni yake dada wa mapokezi na mwenye hoteli walipandisha kitanda cha pili kwenye chumba cha juu. Dada mkubwa alimwonyesha msichana mahali pa kuweka viatu ili visizame. Theluji sasa ilianguka nene zaidi, mpaka mwenye hoteli akasema lazima abadilishe tangazo. Mama fundi na mdogo mtu walikuwa wameshafunga begi. Mama fundi alimbusu mwanawe kwenye paji la uso, na mdomo wake ukanata kidogo kabla ya kubanduka.

Msichana alikuwa ameketi pembeni, koti la baba yake amelikunja mapajani, anabonyeza simu. Kioo cha simu hakikutambua vidole vyake. Alimwomba mdogo mtu ampigie mama yake, na simu ilipopokelewa akaisogeza mdomoni, lakini midomo ilikuwa migumu bado, maneno hayakutoka. Alimpa mama fundi simu.

"Haloo," alisema mama fundi.

"Haloo! Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye kelele za watoto nyuma yake. "Mbona simu ya mwanangu? Yuko salama?"

"Yuko hapa. Ameketi."

"Ah, nashukuru! Moyo ulianza kunienda mbio. Na kazi ameipata?"

Mama fundi alimtazama msichana. Msichana alitabasamu, barafu ikapasuka kwenye pembe ya mdomo.

"Ameipata."

"Mungu mkubwa! Msimamizi wake amenipigia sasa hivi, anamsifu huyo, anauliza kama ana mdogo wake. Nimemwambia yupo, atapanda basi kesho alfajiri. Sasa dada yangu, nakuomba kitu kimoja. Mwambie huyo mwanangu asilivue koti la baba yake. Nasikia huko ndani kuna baridi mbaya. Na mdogo wake nimeshamtafutia lake. Utamwambia?"

Kwenye simu watoto walikuwa wanagombania kujaribu koti, mmoja anacheka.

"Haloo? Dada, bado uko?"

"Nipo," alisema mama fundi. "Huyo mdogo wake asipande basi."

"Nini? Sikusikii, watoto hawa! Anapanda alfajiri, usijali. Haya, asante sana, mama. Asante sana."