Salamu Zimekaa Juu ya Maneno

"Maandishi yapo, hayapo?"

"Yapo, lakini..."

"Lakini nini tena? Sheria inasema uweke mtu wa lugha ya alama au uweke maandishi. Angalia pale chini. Yale ni nini, michoro ya mapangoni?"

"Mzee, zile ni salamu!"

"Na salamu zinaandikwa kwa nini, kwa mkaa? Ni herufi zile. Sheria mimi nimeisoma, wewe umesimuliwa."

Khalfani alitamani aing'oe ile TV ukutani aondoke nayo. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mzee Kaanaeli, mwenye Kilele TV, kituo kidogo cha hapo Arusha mjini, ambacho vipindi vyake vilikuwa vinapanda na mtandaoni pia kwa mwenye bando. Na kama kawaida ya kituo kile, chini ya picha mkanda mwekundu ulikuwa unapita na meseji za watazamaji. Mama Doreen wa Ngaramtoni anawasalimu wote wanaomfahamu. Chalii wa Sakina anamwambia mchumba wake asinune.

"Dada yangu hana shida na nani kanuna," Khalfani alisema. "Anataka kujua mwalimu anasema nini."

"Si umwambie wewe? Masikio unayo mawili, tena makubwa."

Hapo mzee alikuwa amebonyeza penye jipu.

Kauthar, dada yake, alipoteza masikio kwa sindano za kwinini akiwa darasa la sita. Kusoma anasoma kuliko Khalfani, aliyeiacha shule kidato cha pili na wala hakugeuka nyuma. Kuongea anaongea, ila kwa sauti ya juu, kama anaita mtu ng'ambo ya korongo. Midomo ya mtu aliyemzoea, kama Khalfani, anaisoma; ya mtu wa kwenye TV inamshinda. Lugha ya alama hajui, nani angemfundisha? Kwa hiyo hata yule mkalimani wanayembandika kwenye pembe ya taarifa ya habari, kwake yeye ni mtu anafukuza nzi.

Cherehani yake iko barazani, Sekei. Miaka yote ni sketi za shule na viraka. Kilele TV walipoanza kipindi cha kukata suti, kila Jumamosi asubuhi, Kauthar akasema sasa basi, viraka nawaachia wengine. Akapokea kitambaa cha suti ya harusi, cha Elimringi wa Oldonyo Sambu, kitambaa kizito cha kijivu ambacho jamaa alikileta kakikumbatia kama mtoto mchanga.

Somo la kwanza Khalfani alikaa naye, amwambie yanayosemwa. Mwalimu akaongea weee, huku anacheka, mikono iko kiunoni.

"Anasema nini?" Kauthar akauliza.

"Anaongea tu. We angalia mikono."

Akaangalia mikono. Ilichofanya mikono, naye akafanya. Siku ya kupiga pasi, kola ikajikunja kama sikio la mbuzi. Kumbe pale kwenye kucheka mwalimu alikuwa anasema kanvasi ya kuweka ndani ya kola uiloweke kwanza, ikauke, ndiyo uikate, la sivyo itakusinyalia mbele ya mteja. Khalfani aliyasikia hayo. Akaona stori tu, akaruka; alikuja kumwambia dada kola ikiwa imeshaharibika.

Kitambaa kilichobaki kilitosha kurudia kola na kukata mikono ya koti. Mikono ilikuwa somo la Jumamosi inayokuja. Ukikosea mkono wa koti hapo, huna pa kukimbilia.

"Muandikie kwenye karatasi," mzee Kaanaeli alisema.

"Nimejaribu. Akiinamia karatasi, mkasi umeshapita. Akiangalia mkasi, karatasi ina kazi gani? Neno na mkasi vinatakiwa viwe pamoja, mzee, palepale."

"Basi mwambie Mungu aje amfungue masikio."

"Mimi nashuti harusi," Khalfani alisema, meno yamebana. "Majina ya maharusi kwenye video naweka mwenyewe. Nipe kipindi cha Jumamosi niweke maneno yote. Bure."

Hiyo bure ilimfanya mzee akae sawasawa kwenye kiti.

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Utafanyia humuhumu. Video yangu haitoki nje. Na nitawaambia watu wa sheria kwamba Kilele TV tunawajali viziwi."

"Waambie unachotaka."

Wiki hiyo Khalfani aliijua adhabu. Chumba cha mitambo kilikuwa na joto la tanuri. Mwalimu anasema neno, yeye anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma, kumbe mwalimu kasema jingine. Alitukana mashine, alimtukana mwalimu, alijitukana mwenyewe. Na kadiri alivyoandika ndivyo kichwa kilivyozidi kumuuma, maana aliona ni mangapi amekuwa akiyaruka miaka yote. Taarifa ya habari dakika nzima, yeye anamwambia dada, "Wabunge wanagombana." Hotuba ya harusi, "Wanashukuru." Mtu mzima, anakula dunia kwa kijiko cha mdogo wake.

Maneno aliyapanga chini ya picha, pale anapoweka majina ya maharusi siku zote. Mle chumbani picha ilikuwa safi. Mzee Kaanaeli akaja akachungulia, akasema, "Safi, bwana mdogo."

Jumamosi Kauthar alitandika kitambaa mezani, akapanga chaki, pini na mkasi. Kanvasi ilikuwa imeshalowekwa na kukauka. Alikaa mbele ya TV ameshika magoti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Kipindi kikaanza. Mwalimu akafungua mdomo, na chini yake maneno yakatokea.

"LEO TUNAPACHIKA MKONO WA KOTI!" Kauthar akasoma kwa nguvu, jirani akachungulia dirishani. Akampiga Khalfani begani. "Ameongea! Khalfani, nimemsoma!"

Halafu mkanda mwekundu ukaingia.

Ulikaa juu ya maneno yote. Vilibaki vichwa vya herufi vinachungulia, kama watu wamefukiwa wakaachwa nywele nje. Mama wa Kijenge anamsalimu shemeji yake. Mwalimu alikuwa anaonyesha bega, anaongea. Kauthar alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

Khalfani akapiga simu.

"Mzee, toa mkanda! Umefunika maneno!"

"Nitoe vipi? Mkanda ndio unaoniweka mjini, kijana. Na wewe ulipita huku wiki nzima, mkanda hukuuona? Ungeweka juu."

"Nipe basi ile video ya mle ndani, isiyo na mkanda."

"Ile imefutwa, mashine imejaa. Inayopanda mtandaoni ni hiihii." Akakohoa. "Usinune. Ngoja nikufanyie jambo. Dada yako anaitwa nani vile? Kauthar, eh?"

Khalfani hakuelewa mpaka alipoona mkanda. Kilele TV inamsalimu fundi Kauthar wa Sekei. Tunawajali viziwi.

Kauthar aliisoma mpaka ilipopita. Nyuma ya salamu mwalimu alishageuza koti, mkono umeshaingia, umekaa vizuri, haijulikani umeingiaje.

"Kumbe jina langu wanalijua," alisema.

Khalfani akaruka mbele ya TV, akamshika mabega, mdomo wazi ili aone kila neno. "Nakumbuka yote! Nimeyaandika mwenyewe! Anasema unashika mshono wa mkono, unausogeza mbele vidole viwili..." Akasita. Mbele, au nyuma? "Nyuma. Hapana, subiri. Mbele."

Kauthar alikuwa anaangalia midomo yake bila kupepesa.

"Hata lile la kanvasi ulilisikia," alisema.

"Dada, safari hii..."

"Ulisikia ukaniambia anaongea tu."

Akakunja kitambaa cha Elimringi taratibu, pindo juu ya pindo, na ile kola iliyoharibika akaiweka katikati. Akatia kwenye mfuko. Magari ya Oldonyo Sambu yalikuwa bado hayajajaa saa zile.

"Namrudishia mwenyewe, angali na muda wa kutafuta fundi. Mimi sikutaka kusalimiwa."

"Kauthar!"

Alishageuka. Khalfani aliita tena, na tena, kwa nguvu zote, wakati mgongo wa dada yake unashuka ngazi za baraza na kuishika njia ya barabarani.