Shujaa wa Juu ya Mpera

Mume wangu alipanda mpera. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wameshanyanyuka wanatafuta viatu vyao. Maji yalipokuja, Rupert alipanda mpera wa pale ukingoni, akakumbatia tawi, akafumba macho. Aliyeingia mtoni ni dada yangu Kunegunda.

Ilikuwa Februari, mvua imenyesha tangu asubuhi. Kile kijito cha nyuma ya mtaa wetu wa Lizaboni, ambacho kiangazi mbuzi wanakivuka bila kulowa magoti, kilikuwa kimejaa hadi kwenye bustani za mchicha. Watoto wa shule walikuwa wanavuka juu ya magogo kama siku zote, kwa kuwa daraja tuliloahidiwa lilikuwa bado liko kwenye hotuba. Magogo yakachukuliwa na maji, na watoto watatu juu yake. Kunegunda alikuwa ukingoni anahamisha mboga zake, na Rupert yuko naye, amekwenda kuazima baiskeli. Dada yangu aliingia na nguo zake mwilini. Akamtoa mtoto wa kwanza, akamtoa wa pili, akarudi kwa wa tatu, akamsukumia mikononi mwa watu waliokuwa wamefika. Yeye hakutoka. Rupert walimteremsha kwa ngazi.

Simlaumu mtu kwa kuogopa maji. Rupert hajui kuogelea, hata mimi sijui. Siku ile nilimfunika blanketi nikampa chai, na woga wake nilimsamehe kabla chai haijapoa. Kilichofuata ndicho kinachonitia hasira mpaka leo.

Sisi ni Wangoni, na Wahehe ni watani wetu. Msiba wetu haujakamilika mpaka mtani aje kuuharibu. Mtani wetu pale mtaani ni mzee Kihwele, muuza viatu vya mitumba, na siku ya mazishi alifanya kazi yake barabara. Alivaa aproni ya marehemu, akatembea kama yeye, mkono kiunoni, akawakemea waombolezaji.

"Mnamlilia nini huyu? Huyu alikwenda kuoga! Aliyewaokoa watoto ni Rupert! Nilimwona kwa macho yangu mawili! Alipanda juu ya mti ayapigie maji mahesabu, kisha akaruka kama tai, akawabeba watoto wote kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika redio!"

Tukacheka. Mimi mwenyewe nilicheka huku machozi yakinitoka, na Rupert akainamisha kichwa, maana hapakuwa na mtu pale asiyejua habari za mpera. Ndivyo mtani anavyomsema mwoga bila kumfukuza nyumbani. Mzee Kihwele akapewa jogoo wake, akavua aproni, akaketi pembeni, akalia kuliko sisi sote.

Lakini msibani alikuwepo Twaha, mtu wa televisheni ya mtandaoni, aliyekuja kutafuta mafuriko wakati maji yameshapungua. Msiniambie hakuelewa. Twaha ni mtu wa Tunduru, na huko nako watani wanavuruga misiba kama kawaida. Alielewa vizuri sana. Akakata redio, akakata tai, akakata aproni, akakata vicheko vyetu. Akabakiza "Aliyewaokoa watoto ni Rupert! Nilimwona kwa macho yangu mawili!" na sura ya mume wangu ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akaweka muziki wa huzuni, na juu yake maandishi makubwa: SHUJAA WA RUVUMA. Matanga hayajaanuliwa, nchi nzima inamjua Rupert.

Na mji wetu huu! Mji ambao mashujaa wake walinyongwa na Wajerumani, ambao tunawapeleka wageni makaburini kwao kupiga picha, ukampokea Rupert bila kumuuliza hata swali moja. Akashonewa suti. Akatengenezewa fulana zenye uso wake. Akaitwa kwenye semina kufundisha wafanyakazi ujasiri kazini. Akateuliwa balozi wa usalama majini, mtu ambaye akioga kwenye beseni anaacha mlango wazi! Mimi nikageuka Mama Shujaa. Sokoni wakaniongezea nyanya kwenye fungu, nikazirudisha kwa matusi.

Kunegunda je? Kunegunda alibaki kwenye sentensi moja, ya kila taarifa: "mwanamke mmoja ambaye kwa bahati mbaya shujaa hakuwahi kumfikia." Yaani dada yangu akawa kasoro ya Rupert. Binti yake Noela, ambaye tangu msiba anakaa nasi, aliisikia hiyo redioni akiwa anamenya viazi. Akaniuliza, "Mama mdogo, kwani mama alikwenda kufanya nini pale mtoni?" Nikaizima redio, nikachukua kisu, nikamenya viazi pamoja naye.

Mwanzoni Rupert alikanusha, kwa kasauti kadogo. Baadaye akawa anasema, "Tusiyaongelee sana hayo mambo." Kisha siku moja nikamsikia kwenye simu akimweleza mtu kwamba maji yalikuwa ya baridi mno. Ya baridi! Aliyajulia wapi?

Mzee Kihwele, maskini, alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali kuirekebisha habari hiyo. Nilifuatana naye.

"Shikamoo mzee," ofisa akasema. "Nakujua. Wewe ndiye shahidi wetu."

"Mimi si shahidi, mwanangu. Ulikuwa utani. Marehemu ndiye aliyewatoa watoto."

Ofisa akacheka mpaka kiti kikalia. "Sasa mzee wangu, tukuamini kwa lipi, la msibani au la leo? Nyie Wahehe mna maneno! Mama Shujaa, mwangalie mtani wako huyu."

"Hatanii," nikasema. "Mume wangu alikuwa juu ya mti."

"Na wewe tena mama! Bajeti imeshapita."

Ilikuwa imepita kweli. Daraja tulilolililia miaka yote, walilotuambia fungu halipo, fungu likapatikana, na kiangazi hichohicho likasimama. Hawakulijenga kwa ajili ya watoto. Watoto walikuwepo siku zote. Walilijenga kwa sababu shujaa wa kwenye simu lazima awe na kitu cha kuzinduliwa, na juu yake liandikwe jina lake.

Jioni ya kuamkia uzinduzi nilimkuta Rupert anapiga suti pasi.

"Jina la Kunegunda ndilo linalotakiwa pale," nikamwambia.

"Hilda, marehemu atalifanyia nini daraja?"

"Na wewe utalifanyia nini? Umeanza lini kukaribia maji?"

Akaweka pasi chini. "Unadhani mimi nalala? Nikisema sasa hivi nitaonekana mwongo."

"Wewe ni mwongo. Sikiliza, Rupert. Kesho watakupa kipaza sauti. Sema ukweli mbele yao wote, Noela akiwa pale anasikia. Ukisema, mimi ni mke wako, na haya mengine nitayazika. Usiposema, mimi na mtoto tunakwenda Mpitimbi kwa mama, na mlango wa mama usiukanyage."

Alirudi kupiga pasi palepale alipokwisha kupiga.

Kesho yake watu walijaa mpaka kwenye bustani. Ngoma yetu ya lizombe ilichezwa, vumbi likatimka, risala ikasomwa, na jina la dada yangu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Noela alisimama mbele yangu, nimemshika mabega. Wakamwita Rupert.

Alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili. Akanitazama. Nilidhani atakohoa na kushukuru kamati.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sikuokoa mtu. Niliogopa. Nilipanda juu ya mti, nikafumba macho. Aliyeingia kwenye maji ni shemeji yangu Kunegunda. Aliwatoa watoto wote, yeye akafa. Nilimsikia akiniita, 'Shemeji, nipe mkono.' Sikushuka."

Sauti ikamkatika, akalia, kamasi na machozi pamoja. Hilo la kuitwa sikuwa nalijua. Hajawahi kuniambia. Nilihisi mabega ya Noela yakitetemeka mikononi mwangu, na bado, Mungu anisamehe, nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku aliyonioa. Nikajua sasa wameelewa.

Mgeni rasmi akainuka, akampokea kipaza sauti.

"Mmeona, ndugu wananchi? Mmeona unyenyekevu huo? Angekuwa mwingine hapa tungesikia mimi, mimi, mimi! Huyu sifa zote amempa marehemu! Huyu ndiye shujaa!"

Wakalipuka. Vigelegele, filimbi, ngoma. Mzee Kihwele akapaza sauti, "Jamani, ni kweli anachosema!" na watu wakamcheka, mtani huyo, hakosi vituko. Kitambaa kikavutwa: DARAJA LA SHUJAA RUPERT. Twaha alikuwa amepiga goti mbele kabisa, anarekodi machozi kwa karibu. Nilimtazama mume wangu. Nilitaka aseme tena, apige kelele, akang'oe kile kibao kwa meno. Alijifuta uso kwa mkono wa suti.

Jioni ile tulifika Mpitimbi, mimi na Noela na mfuko mmoja wa nguo. Mama alikuwa anachambua maharage uani. Nilimsalimia, nikamsimulia yote, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Sasa mwanangu," akasema, "si ulimtaka aseme ukweli? Na amesema."

"Amesema, mama. Walipompigia makofi, akatabasamu, akawapungia mkono."