Mahari ya Kompyuta

Katika ndoa kumi na nane alizozihangaikia Bwanausi wa Kiwangwa maishani mwake, moja tu ilikuwa yake. Nyingine zote alikuwa mshenga: mtu wa kuvaa kanzu iliyopigwa pasi, kuketi kwenye majamvi ya watu, kunywa kahawa yao na kuipunguza mahari bila kumvunjia mtu heshima. Siku za kawaida aliuza mananasi, na wenye midomo walisema hiyo nayo ni kazi ileile. Aliwahi kupunguza vitanda viwili vikawa kimoja. Aliwahi kupunguza seti ya sofa ikawa mkeka na mito. Na huko Fukayosi alipunguza mpaka baba wa binti akajikuta anamshukuru.

Kwa hiyo mpwa wake Farhan, fundi simu wa Zinga, alipomletea karatasi yenye mistari saba, Bwanausi alivaa miwani kwa furaha. Aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Hii ndiyo mahari?"

"Ndiyo, mjomba. Ghalia kataja kompyuta. Ya kuchezea gemu."

"Mbona ziko saba?"

"Ni moja. Unanunua vipande, halafu unaviunga."

"Kwa hiyo binti wa Mahfoudh anataka kuolewa kwa vipande."

Farhan alicheka, lakini alikuwa na wasiwasi. Ghalia alikuwa mchezaji hasa. Jioni alicheza mpira wa mtandaoni na watu wa nchi ambazo Bwanausi alizisikia redioni tu, na mwaka huo alishika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya Dar kwa mashine ya kuazima. Wawili waliomtangulia walikuwa na za kwao. Dini imempa bibi harusi haki ya kutaja mahari yake, naye aliitumia haki hiyo bila kuona haya. Ila alikuwa na huruma. Alijua Farhan ameweka milioni mbili kwa miaka miwili ya kubadilisha vioo vya simu, akakaa mwezi mzima akichagua kipande kimoja kimoja: kadi ya picha ya mtumba lakini nzima, skrini isiyo ya fahari, kasha kuukuu la kompyuta ya ofisini la elfu arobaini. Hesabu yote ikaangukia milioni mbili kamili.

"Mjomba, nakuomba usipunguze kitu. Keshapunguza mwenyewe."

"Mshenga asiyepunguza ana tofauti gani na mtu wa kuleta barua?" alisema Bwanausi, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mahfoudh alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Bagamoyo mjini, kama baba yake na babu yake, watu waliokuja na biashara zamani kutoka Omani. Aliwapokea wageni kwa kahawa na halua. Ghalia aliketi karibu na mlango wa ndani pamoja na shangazi yake Sabiha, mtandio umemfika machoni. Mahfoudh aliisoma karatasi akiwa ametulia hadi alipofika mstari wa mwisho.

"Kasha la mtumba? La ofisini? Siku ya ndoa watu watakuja kuitazama mahari, sheikh wangu. Nataka lile la kioo, lenye taa. Nimeliona kwa watu."

Kasha la kioo lilizidi kwa laki mbili. Farhan akainamisha kichwa. Bwanausi, kinyume chake, alichangamka, maana sasa kulikuwa na kazi ya kufanya.

"La kioo tumekubali," alisema. "Lakini na sisi mtuonee huruma." Kidole chake kikateremka taratibu kwenye karatasi mpaka kikasimama. "Hii pawasaplai. Laki mbili na sitini. Ina kazi gani?"

"Inagawa umeme kwa vifaa vyote, mzee," alisema Ghalia.

"Inaonekana?"

"Inakaa ndani."

"Na za bei ndogo zipo?"

"Zipo hata za elfu sitini. Lakini umeme wa hapa, mzee, ukikatika halafu ukarudi..."

Mahfoudh alikohoa. Hakuwa na kikohozi. Alikuwa baba ambaye binti yake anaongea sana mbele ya wakwe. Ghalia alimtazama, akaitazama karatasi, kisha akamtazama Farhan, ambaye hakuthubutu kumkatisha mjomba wake mbele za watu.

"Sawa," alisema Ghalia. "Inatosha."

Wakasoma Fatiha. Bwanausi alitoka pale kichwa kimemvimba. Kapewa nyongeza ya laki mbili, kaifuta papo hapo, na hakuna aliyenuna. Lakini usiku ule, akiwa kitandani, lile "inatosha" la binti lilimrudia mara mbili tatu kama mwiba wa jani la nanasi, mdogo kiasi kwamba hujui umekuingia kidole gani. Akageukia upande wa pili akalala.

Jumamosi walikwenda Kariakoo kununua. Muuzaji aliitwa Shuaibu, kijana mwenye ndevu za kupangwa na ulimi usio na breki. Alisoma karatasi akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani kaandika hii? Huyu mtu anajua pesa inavyouma. Kadi inaendana na prosesa, hakuna shilingi iliyopotea." Akafika chini. "Halafu hapa kwenye pawasaplai kaingiliwa na shetani."

Shetani mwenyewe alikuwa amesimama palepale na bakora yake. Akauliza tatizo ni nini.

Shuaibu hakueleza. Alichukua visanduku viwili vya chuma kutoka rafuni, vinavyofanana kwa rangi na ukubwa, akaviweka mezani. "Shika, mzee. Mkono huu na mkono huu."

Bwanausi alivishika. Kwa miaka arobaini alikuwa akinunua mananasi shambani kwa namna hiyo. Hakuyanusa, hakuyabonyeza, aliyanyanyua tu, na mkono ukamwambia lipi lina maji na lipi ni ganda. Kisanduku cha mkono wa kushoto kilimvuta mkono chini. Cha mkono wa kulia alikaribia kukirusha.

"Hiki hakina kitu," alisema.

"Hicho ndicho mlichoandika. Umeme ukirudi kwa kishindo, hakifi peke yake. Kinakwenda na kadi, kinakwenda na bodi, kinakwenda na kila mlichonunua hapa leo. Mimi nitakuuzia ukitaka, lakini usiniletee maiti."

Bwanausi alimgeukia mpwa wake. "Ghalia alijua?"

"Alijua, mjomba."

"Na wewe?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Farhan alitazama viatu vyake. "Ulikuwa umeshaifungua Fatiha."

Hapo ndipo alipojua ule mwiba uliingia wapi. Marehemu mkewe Miza alitaja mahari ya cherehani ya miguu, na kijana Bwanausi, aliyekuwa anajiona mjanja tangu wakati huo, akaipunguza ikawa ya mkono. Miguu, alisema, ataipata wakivuna. Miza alisema inatosha. Basi kwa miaka ishirini na sita alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto peke yake, akashona sare za nusu ya watoto wa Kiwangwa, na hakuitaja miguu tena hadi alipofariki. Walivuna mara nyingi. Sasa cherehani ileile aliizungusha binti yao Swaumu, vilevile, mkono mmoja kwenye gurudumu. Bwanausi alikuwa akipita karibu yake kila siku, akisikia lile gurudumu, na haikuwahi kumjia kwamba ile ni sauti ya deni lake. Aliona haya mbele ya rafu za watu, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka.

"Funga vyote isipokuwa hivi viwili na kasha," alimwambia Shuaibu. "Tunarudi."

Mahfoudh alimkuta mshenga amesimama mbele ya kaunta yake jioni ileile, kanzu ikiwa na vumbi.

"Nimekuja kurudisha nilichopunguza," alisema Bwanausi.

Mahfoudh aliweka kalamu chini. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia mshenga wa upande wa kiume akisema maneno hayo.

"Ila hela ni ileile. Kwa hiyo na wewe urudishe ulichoongeza. Kasha liwe lile la ofisini."

"Haiwezekani. Watu watasema Mahfoudh kamwozesha binti yake kwa debe."

"Watasema. Lakini ngoja nikuulize wewe unayeuza nondo na saruji. Mteja akija hapa akapunguza nondo za msingi ili apate hela ya rangi, unamwambiaje?"

Mahfoudh alizitazama nondo zake. Alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, na hilo ndilo lililomponza.

"Namfukuza," alikiri.

"Basi tufukuze sote wawili. Halafu tumwite mwenyewe, maana mahari si yako na wala si yangu."

Ghalia aliitwa. Alisimama kati ya ndoo za rangi na safari hii hakuna aliyekohoa. Alisema yote kwa mpangilio: kwamba Farhan ameiweka ile hela miaka miwili, kwamba hawezi kuiweka tena, na kwamba mashine ikiungua ndoto yake imeungua nayo. Kasha hata likiwa la bati, alisema, halimuumi. Sauti ilimtetemeka mahali pamoja tu, alipolitaja jina la Farhan.

Mahfoudh alimsikiliza hadi mwisho. "Na nani atakayelibeba hilo debe mbele ya wageni?"

"Mimi," alisema Bwanausi.

Na alilibeba. Siku ya ndoa aliingia nalo uani akiwa amelikumbatia kifuani, kasha la kijivu lililokwaruzwa, upande mmoja bado lina mabaki ya namba ya ofisi fulani. Wanawake wakaminyana. Mmoja akauliza kama lile ni jiko. Kijana fulani akalipiga picha. Bwanausi wa Kiwangwa, mshenga wa vitanda na masofa, alitembea ua mzima bila kuharakisha, akaliweka mezani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mahari ya bibi harusi. Kaichagua mwenyewe."

Farhan aliiunga na skrini na kuiwasha, lakini kabla ya pilau umeme ulikatika. Uliporudi, ulirudi kwa hasira, na taa ya barazani ikapasuka. Ghalia aliacha wageni wake, hina bado mbichi viganjani, akabonyeza kitufe cha kasha kwa ncha ya kiwiko. Feni zikaanza kuzunguka. Skrini ikawaka, na vijana waliokuwa wanacheka wakaanza kugombania nafasi ya kusimama nyuma yake. Ghalia aligeuka kumtafuta mshenga kwa macho, akamwona, akamwinamishia kichwa.

Bahasha ya ahsante anayopewa mshenga, Bwanausi aliipokea bila kuifungua. Aliifungulia kwa fundi cherehani mmoja pale mjini, na kesho yake alifika Kiwangwa na fundi huyo na meza ya chuma yenye kikanyagio. Fundi aliifunga cherehani ya Miza juu yake, akavuta mkanda, akaondoka.

Swaumu aliketi. Aliweka kitambaa chini ya sindano, akaweka miguu juu ya chuma, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kushika gurudumu. Haukuwa na kazi pale tena. Aliuondoa, akautazama kidogo, kisha akaulaza juu ya kitambaa kando ya mwenzake na kuanza kukanyaga.

"Baba," alisema bila kuinua macho, "mbona umesimama mlangoni? Kaa."

Bwanausi akaketi, akamsikiliza anavyoshona.