Sababu ya Kurudi

1.

Nawa mikono kwanza.

Sikutanii. Wifi yangu Nasra akija kumwona mama hanawi anapoingia, hunawa anapotoka, kwa kile kidawa chake kinachonuka spiriti, na anajipaka hapohapo mbele ya macho ya mama. Wewe msomaji unaingia chumba cha mgonjwa. Nawa, vuta hicho kigoda, na usizibe pua.

Mgonjwa ni mama yangu, Bi Salima Kaoneka. Kiharusi kimemlaza upande wa kushoto. Ulimi wake mzito, akili yake nzima kuliko yangu. Mie ni Mwantumu, kitinda mimba wake, ninayemgeuza na kumwosha. Tuko Muheza. Kaka yangu Hemedi yuko Dar es Salaam na mkewe, huyo Nasra, na binti yao Ilham. Wanataka kwenda Ujerumani kupumzika.

Na waende. Nani kawazuia? Ila

2.

GRUPU LA WASAPU: FAMILIA REGENSBURG JUNI
*Hemedi amekuongeza*

NASRA: Wapendwa, karibuni. Humu ni mipango ya likizo tu. Habari za ugonjwa na michango tusizilete, tutamvunja moyo mtoto.

NASRA: Regensburg yenyewe ndiyo hii pichani, mji wa Ujerumani. Wa kale, vita haikuubomoa sana. Tutalala jirani na daraja la mawe.

HEMEDI: Daraja lina karibu miaka mia tisa na watu wanapita juu yake mpaka leo.

NASRA: Wenzetu wanajua kutunza vya kale.

MWANTUMU: Hongereni. Mama kamaliza pampasi.

NASRA: Wifi, rudi juu usome sheria za grupu.

3.

Kwa nini walinitia humo na hawanipeleki popote? Na mie nilijiuliza. Jibu lilikuja kwa tangazo, Hemedi alilipiga picha akalituma.

WAKALA WA SAFARI NJIWA
Tangazo kwa wateja wote wa viza

Mwombaji anatakiwa kuthibitisha kwamba atarejea nchini baada ya safari yake. Uthibitisho unaweza kuwa ajira, mali isiyohamishika, au ndugu mgonjwa anayemtegemea mwombaji kwa matunzo ya kila siku. Mwombaji asiye na hata kimoja kati ya hivyo asije akatulaumu.

Hemedi aliacha kazi ili afanye biashara zake, ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nyumba wanayokaa ni ya kupanga. Kitu pekee alichobaki nacho hapa nchini cha kumrudisha ni mama.

Ofisi ya viza huwa wanapiga kuhakiki, na mama hana simu. Ndiyo maana nikaongezwa mie.

4.

Mazungumzo ya simu. Mie na Hemedi. Mama amelala, au nilidhani amelala.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sema haraka, niko barabarani."

"Hospitali ya mkoa wamenipa tarehe ya kutoa ule uvimbe wa tumboni. Juni. Nikishapasuliwa siruhusiwi kunyanyua kitu, sembuse mtu. Njoo ukae na mama."

"Juni tuko Ujerumani, Tumu."

"Najua. Nimo kwenye grupu."

"Si uwaombe wasogeze mbele?"

"Nilishasogeza. Daktari kasema nisithubutu tena. Natoka damu, kaka."

"Sasa mambo ya damu unaniambia mie ya nini? Mwambie wifi yako."

"Wifi yangu ana sheria za grupu."

Akacheka. Wallahi alicheka. Halafu akasema Jumamosi wanakuja kumsalimia mama, hayo mengine tutayaongea uso kwa uso. Nikafurahi, mjinga mie. Nikapika wali wa nazi.

5.

Wali haukuliwa. Nasra alisema tumbo lake halitaki nazi, na huku alikuwa anaangalia ndoo ya kufulia.

Walikuja na pazia. Nakwambia pazia, limekunjwa kwenye buti la gari, pamoja na fimbo yake. Walikuja na shuka nyeupe, mito miwili, na maua ya plastiki. Hemedi akasukuma kitanda cha mama kutoka ukutani, mama akiwa juu yake, bila kumwambia "samahani mama". Pazia likafunika ukuta wetu wa tofali mbichi. Shuka zangu zikavuliwa, zao zikatandikwa. Nasra akapuliza marashi hewani, yakamwingia mama machoni, macho yakatoa machozi, na Nasra akasema, "Hapohapo, piga, ametoka vizuri, ana huzuni."

Hemedi alipiga magoti na kijiko mkononi. Kijiko kitupu. Akakisogeza mdomoni kwa mama.

"Fungua mdomo, mama."

Mama akaufunga.

"Mama, mara moja tu, ya picha."

Nasra akampiga picha hivyohivyo, mdomo umefungwa. Kisha akampiga Hemedi akimshika mkono. Mie niliambiwa nisogee, kivuli changu kinaingia.

Nikasema, "Kaka, lile jambo la Juni."

Akasema, "Tumu, ngoja tumalize kabla mwanga haujaondoka."

Walipomaliza walivua pazia. Wakavua na shuka. Nasra alizishika kwa vidole viwili, akazitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Mama akabaki juu ya godoro tupu, kanga imempanda magotini, mwanawe wa kiume anatazama pembeni. Walimwachia maua.



6.

Ukutani, upande wa pili. Jirani yetu Mama Chande na binti yake:

"Leo kwa Bi Salima kuna shughuli? Nimeona pazia linaingia."

"Mtoto wake wa mjini kaja."

"Kaleta pazia?"

"Kaondoka nalo."

"Hee."

Na wakaendelea kuchambua mchicha.

7.

YAH: UTHIBITISHO WA KUREJEA NCHINI

Mimi, Hemedi Shemhilu, nathibitisha kwamba mama yangu mzazi, Bi Salima Kaoneka, ambaye ni mgonjwa wa kiharusi, anaishi nyumbani kwangu na ananitegemea mimi kwa matunzo yote, ikiwa ni pamoja na kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa. Kwa sababu hiyo siwezi kukaa mbali naye zaidi ya muda wa likizo niliyoomba. Nikiwa safarini ataangaliwa na msaidizi wetu wa kazi za ndani, Mwantumu, anayepatikana kwa namba iliyoandikwa hapa chini. Picha zimeambatishwa.

NASRA: Mume wangu una kalamu. Wapendwa, someni, kuna makosa?

ILHAM: Mbona inasema bibi anakaa kwetu?

NASRA: Ilham, weka simu chini.

*Mwantumu anaandika…*

*Mwantumu anaandika…*

*Mwantumu*

8.

Msaidizi.

Wa kazi.

Za ndani.

Hata jina la ukoo hakunipa. Tumetoka tumbo moja, tumenyonya titi moja.  Nikamsomea mama ujumbe wa kwenye grupu, wote, tangu mwanzo, na barua. Niliona haki yake asikie. Alitazama dari.

Nikamuuliza, "Mama, nijibu nini?"

Akasema, "Maji."

Nikampa maji.

9.

Mimi Salima.

Naongea kwa ndani. Huko nje ulimi unaniangusha njiani.

Wanasema sielewi. Wanasemea hapa kitandani, juu yangu, kama watu wanavyosemea juu ya mtoto mchanga. Naelewa. Niliielewa picha. Mwanangu alinishika mkono, na simu ilipolia *ka* akauweka chini kama kitu alichoazima kwa jirani.

Huyu nilimtafunia nyama alipokuwa hana meno. Nikaitoa mdomoni mwangu nikamtia mdomoni mwake, na hakuna aliyepiga picha.

Nimemkinai. Nampenda. Viwili hivyo vimenikaa hapa kifuani na wala havigombani.

Na huyu mwingine. Anadhani nimelala. Namsikia akijikunja sakafuni, ameuma upande wa kanga asitoe sauti. Nasikia anavyofua nguo zake za damu kabla ya zangu za mkojo ili nisijue ni za nani. Nani anamgeuza huyu? Nani anampa maji?

Neno ninalo. Limekaa nyuma ya meno. Kila siku nalisukuma

kidogo

kidogo

10.

NASRA: Jamani huko nasikia kuna jiko la kale la soseji pembeni ya daraja, lazima tupige picha.

HEMEDI: Za nguruwe hizo.

NASRA: Nimesema picha, sijasema tule.

HEMEDI: Tumu, ofisi ya viza wanaweza kukupigia kuhakiki. Wakiuliza, jibu kama ilivyo kwenye barua. Usiongeze.

HEMEDI: Tukirudi tutaliangalia lile suala lako.

*Umesoma.*

11.

Walipiga asubuhi, nikimpa mama uji.

"Habari za asubuhi. Naongea na Mwantumu, msaidizi wa kazi wa Bwana Hemedi Shemhilu?"

Sauti ya dada mmoja mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Akasema anapiga kutoka ofisi ya viza, ana maswali machache tu. Sina ubaya naye, yuko kazini.

 Nielewe, msomaji. Nikisema ndiyo, wanaruka, na Juni nabaki hapa na uvimbe wangu. Nikisema hapana, nimemchoma kaka yangu kwa watu baki, na namjua, atanuna Dar es Salaam na Muheza hatatia mguu. Majibu yote mawili yalinitia kinyaa. Nikafungua mdomo.

"Mie si"

Mama akanidaka mkono kwa ule wake mzima. Uji ukamwagika kifuani kwake. Akaonyesha simu. Nikaweka sauti ya juu, nikamshikia karibu na mdomo.

"Mama yake," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole na kuumwa. Sitakuchosha. Nauliza tu, Bwana Hemedi ndiye anayekulea?"

Mdomo wa mama ulikwenda upande, ukarudi. Nilimfuta uji kidevuni. Yule dada alisubiri, hakumharakisha.

"Mwanangu," mama akasema. "Mpeni. Aende."

"Sawa mama. Hapa ameandika kwamba lazima arudi kwa ajili yako."

"Hapo. Futa."

"Unasemaje, mama?"

"Futa hapo. Asirudi kwa ajili yangu. Juni sipo. Nina safari."

Mie nikadhani akili imemtoka. Nikataka kuvuta simu. Akanikazia macho, nikaacha.

"Safari ya wapi, mama?"

"Hospitali. Nampeleka mwanangu."

"Mwana yupi? Huyu Bwana Hemedi?"

"Huyu." Akameza mate, akapumua, akaanza upya. "Huyu. Anayenishikia simu."

Huko upande wa pili karatasi zilifunuliwa. Nilikuwa nimeshaanza kulia na wala sikujificha.

"Huyu Mwantumu?" yule dada akauliza. "Hapa ameandikwa msaidizi."

"Nimemzaa."

 Kisha yule dada akasema, taratibu, safari hii akiongea na mie, nimtajie jina langu kamili.